Mwanamke wa Kiti cha Dirishani

Siku ndege iliyomleta mume wangu kutoka Nairobi ilipoacha njia yake ya kutua hapa Kisumu, mimi nilikuwa nimesimama kwenye seng'enge ya uwanja wa ndege, mvua ikininyeshea, nikimngoja. Niliiona ikishuka kutoka upande wa ziwa. Ikagusa lami, gurudumu la kushoto likavunjika, ikalala upande na kuserereka hadi majanini ikirusha matope, kisha ikasimama. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Mlango ukafunguka, abiria wakaanza kutoka mbio. Hakuna aliyeumia.

Mume wangu alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Alikuwa ameshikana mikono na mwanamke asiye na viatu, na koti lake, lile nililolipiga pasi mwenyewe, lilikuwa mabegani mwa huyo mwanamke. Waliponifikia, alinikumbatia kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa bado haujaachiliwa.

Yule mama alikuwa mkazi wa Milimani, mtaa wa matajiri hapa mjini, mtu wa ofisi kubwa, na walikuwa wameketi pamoja kwa bahati tu, yeye kwenye kiti cha dirishani. Akaanza kumpigia mume wangu simu. Alisema hapati usingizi, na kwamba nyumbani kwake hakuna anayemwelewa. Mume wangu alikuwa akitoka nje kuongea naye, akirudi ametulia. Sikuona kosa la kumshikia, na hilo lilinikera zaidi.

Tulipofanya maombi ya shukrani kwetu Otonglo, yule mama naye alikuja. Walisimulia ajali wakipokezana, huyu akianza sentensi, yule anaimalizia. Wageni waliacha samaki wapoe kwenye sahani. Nikasema nami niliiona yote, tangu ilipogusa chini. Mama mkwe akaniomba niongeze ugali.

Wageni walipoondoka nilimuuliza mume wangu, "Baba, mliambiana nini ndege ilipolala?"

Alifikiri kidogo. "Hakuna. Tulishikana tu."

Afadhali angesema walisali.

Baadaye yule mama alipata uhamisho, na simu zikapungua hadi zikaisha. Lakini mpaka leo ndege ikipita juu ya paa letu mume wangu hunyamaza katikati ya neno, nami hubaki nikimtazama kama mtu aliyefungiwa nje.

Dada yangu alipoolewa Nairobi, nilikataa kurudi kwa basi. Nikapanda ndege, mara yangu ya kwanza. Tulipolikaribia ziwa niliomba itikisike. Sikuomba ianguke, nilitaka tu itikisike kiasi cha mtu kushtuka. Mzee aliyeketi kando yangu alikuwa amelala, mdomo wazi. Tukagusa lami polepole, watu wakasimama kuchukua mizigo yao.

Mume wangu alikuwa akiningoja nje, shati limelowa jasho.

"Mmetua salama?" akauliza.

"Salama kabisa," nikamjibu, kwa hasira ambayo hakuielewa, kisha nikampa begi abebe.