Mwaliko wa Tononoka

Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Mbodze Chirau havikunjiki. Katika ghala la Shimanzi, ambako amekuwa karani kwa miaka kumi na tisa, sasa anaandika kwa kushoto, polepole.

Yeye na wenzake walijitoa katika chama kikubwa kwa kuchoshwa na marungu na matusi, wakaanzisha chao kidogo, cha watu wa katikati, wa kusikiliza kila upande. Mwalimu Fuad akawa mwenyekiti, Mbodze katibu. Ili kisajiliwe, daftari la wanachama lilitakiwa Jumatatu: jina, simu na nyumba ya kila mtu. Daftari lenyewe lilikuwa hilo moja.

Mkutano wa mwisho ukaitwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi mmoja wa Tononoka. Fuad alishikilia kwamba wenzao wa zamani nao waalikwe, waseme yao. La sivyo, wao walikuwa na tofauti gani? Mbodze aliiandika barua, akaipeleka mwenyewe.

Walikuja thelathini. Mbele yao Kingi, aliyekuwa akila kwa Mbodze kila Krismasi.

"Dada Mbodze, mmetualika, tumekuja. Chai iko wapi?"

Fuad alisimama kumkaribisha. Rungu lilimpata kwenye taya kabla hajamaliza salamu. Meno yake yakadondoka juu ya ajenda. Viti viliruka. Mzee mmoja alikanyagwa mlangoni mpaka akanyamaza.

Kingi alimfuata Mbodze, macho kwenye kwapa alipolibana daftari. "Nipe, dada, niwaite mahudhurio. Nyumba kwa nyumba."

Mbodze akatokea mlango wa nyuma, ambako Kanze, mpishi wao wa siku hiyo, alikuwa akichemsha chai kwa kuni. Alilisukuma daftari chini ya sufuria, akalishindilia motoni kwa mkono. Kingi alipofika, kurasa zilikuwa zimeshika moto. Akaukanyaga mkono ule juu ya figa, akausaga kwa kisigino. Mbodze aliisikia mifupa yake ikivunjika, na bado hakuutoa mpaka jalada lilipokunjamana.

Jumatatu ikapita. Chama hakikusajiliwa. Fuad, taya limefungwa kwa nyaya, alimwandikia Mbodze kwenye kikaratasi kwamba chama amekichoma yeye.

Juzi, pale Makupa, mpakiaji wa malori aitwaye Ngowa, ambaye jina na nyumba yake vilikuwa katika daftari lile, alimwamkia, akacheka. "Mama, kadi yangu ya chama itatoka lini?"

Mbodze aliyatazama meno ya Ngowa. Yalikuwa yote.

"Bado, mwanangu," akasema, akauficha mkono ndani ya leso.