Rafu ya Magonjwa Yetu

Nikiwa mtoto nilisoma ukurasa wa ugonjwa mwingine nikadhani ni wa dada yangu, na aliyeumia ni yeye. Nalisema hili mapema kwa sababu nikilichelewesha nitaanza kulipamba. Ndivyo nilivyo: naandika sentensi, naifuta, naiandika tena, mpaka inakuwa nzuri na ya uongo.

Mwaka jana niliingia maktaba moja ya Mbarara, upande wa Kamukuzi, kutafuta kamusi. Nikapita kwenye vitabu vya tiba nikakuta sehemu nzima ya usingizi. Si kitabu kimoja, ndugu yangu, sehemu nzima: wanaokosa usingizi, wanaotembea huku wamelala, wanaokoroma mpaka pumzi inakatika, wanaosinzia mchana bila kutaka. Nilichomoa kimoja nikasoma nimesimama mpaka mhudumu akaniita bwana kwa lugha ya huko: "Sebo, kaa chini. Kitabu haikimbii." Nikakaa. Nikaianza upya aya ya kwanza, na haikuwa kwa furaha.

Turudi Nakivale, kambi ya wakimbizi nilikokulia. Tulikuwa tumetoka Kivu Kusini, Kongo, tukaishi kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa turubai, na asubuhi zetu zilinukia moshi wa kuni mbichi. Dada yangu nilimwita yaya, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa. Mimi na yeye tulichota maji bombani, tulipalilia maharagwe, na jioni yeye alitwanga sombe, majani ya muhogo. Mpaka leo nausikia ule mchi. Ukinyamaza ghafla tulijua: ungemkuta yaya amesimama, mchi mkononi, kidevu kifuani, vipande vya majani mabichi vimemrukia mashavuni, amelala.

Na hakuna aliyemshinda kwa utani. Ila akicheka sana magoti yalimlegea, akashuka chini kama gunia lililofunguliwa, macho wazi, anasikia kila kitu na hawezi kusema. Baada ya muda aliinuka akajikung'uta vumbi. Watoto walimfanyia vichekesho makusudi ili aanguke. Jirani yetu, mama Mrundi aliyeuza ndagala, dagaa wa kwao, alipita akimtania: "Weye binti, utaolewa na kitanda!"

"Muzuri," yaya alimjibu. "Kitanda haipigi bibi yake."

Mama alicheka na wengine, lakini alikuwa na hofu. Katika familia yetu yaya ndiye aliyekuwa na kichwa cha hesabu. Mama alikuwa na tumaini moja tu, kwamba yaya angemaliza shule, na shuleni yaya alilala.

Maktaba yetu ya kambini ilikuwa kontena la chuma lililonuka gundi na joto. Vitabu vilitoka ng'ambo ndani ya maboksi. Nilijifundisha Kifaransa mle ndani kwa kamusi isiyo na jalada, na niliipenda rafu ya tiba kuliko zote kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunisahihisha. Rafu hiyo ilikuwa na malaria, kichocho, minyoo, kipindupindu. Siku moja nikaamua kumponya yaya. Nikatafuta neno la Kifaransa la usingizi kwenye faharasa ya kitabu kikubwa cha magonjwa ya nchi za joto, nikalipata: ugonjwa wa usingizi. Mgonjwa husinzia mchana, usiku hatulii, hukonda, hatimaye hufa. Ni ule ambao wengine huuita malale, unaoletwa na mbung'o.

Nilinakili maneno yale mara nyingi mpaka karatasi ikawa haina doa. Jambo moja halikuwemo kitabuni: kuanguka kwa sababu ya kicheko. Niliona kwamba halimo. Sikulitaja kwa mtu, kwa sababu liliharibu jibu langu.

Nikasoma uani kwa sauti, jirani akiwa amekaa na kikapu chake cha ndagala. "Mama, yaya iko na ugonjwa ya usingizi. Batu banakufa nayo."

Mama aliweka sufuria chini. Yaya akanitazama. "Sasa, docta, nitakufa mbele ya mtihani ao nyuma?" Hakuna aliyecheka.

Jirani alibeba habari ile mpaka bombani, na kutoka bombani ilifika shuleni. Njiani habari ya mbung'o ilidondoka, ukabaki ugonjwa peke yake, kana kwamba unaambukizwa kwa pumzi. Mwalimu, Mganda, alikuja kusimama mlangoni petu. "Mama, huyu mutoto akae nyumbani kwanza. Hii ugonjwa yake italetea watoto ya wengine shida. Arudi na karatasi ya dokita."

Mama alimpeleka yaya Mbarara. Wakamtoa damu, wakamtoa tena. Haikuwa na kitu. Karatasi ikaandikwa kwamba ni mzima, na mama alirudi nayo akiimba. Yaya akapokelewa shuleni.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Zamani aliposinzia darasani alikemewa tu, kwa sababu huenda alikuwa anaumwa. Sasa karatasi ilisema haumwi, kwa hiyo alichapwa. "Dokita amesema wewe mzima," mwalimu alimwambia, na fimbo ikashuka. Alichapwa kwa kulala kama mtu anayechapwa kwa kukohoa. Asubuhi moja alifua sare, akaianika, ilipokauka akaikunja akampa binti wa jirani. Mama alilia. Yaya alichukua jembe akaenda kwenye maharagwe.

Kitabu cha Kamukuzi kilichapishwa kabla yaya hajajua kusoma. Magoti yanayolegea kwa kicheko yametajwa katika aya ya kwanza ya sura ya wanaosinzia mchana, si katika herufi ndogo za mwishoni. Watu walilijua jambo hili. Lakini aliyetupakilia maboksi aliamua magonjwa yapi ni yetu: ya nzi, ya mbu, ya minyoo. Kwake yeye mkimbizi haumwi mpaka aumwe na mdudu. Usingizi na huzuni ni magonjwa ya wenye vitanda. Namkasirikia mtu huyo nisiyemjua. Namkasirikia mwalimu na fimbo yake. Namkasirikia yule mtoto mwenye mwandiko mzuri. Watu hunituliza kwamba nilikuwa mtoto. Najua. Yaya naye alikuwa mtoto.

Nilizipiga picha kurasa zile, nikampeleka yaya kwa daktari mmoja wa Mbarara. Daktari alisoma, kisha akamuuliza, "Ukicheka, mwili unafanya nini?" Miaka yote hiyo hakuna daktari aliyewahi kumuuliza. Yaya alifunika uso kwa kitenge chake, na mimi nikatoka nje, kwa sababu ningepiga kelele.

Kontena lile sasa ni ghala la saruji. Sijui vitabu vilikwenda wapi, na sehemu yangu moja bado inalikumbuka joto lile kwa upendo, jambo linaloniudhi zaidi. Mama ameshafariki, aliondoka akiamini binti yake alikuwa mvivu.

Leo ugonjwa wa yaya una jina. Anatumia dawa, na mchana analala kidogo kwa agizo la daktari, bila kumwomba mtu radhi. Shuleni hakurudi.