Idarusi na Laptopu ya Rangi ya Dhahabu

Idarusi wa Makorora alianza kuitwa Injinia siku alipoitoa karatasi iliyonasa kwenye mashine ya fotokopi ya ofisini kwao, Raskazone, mbele ya mkuu wake wa kazi. Kazi yake hasa ilikuwa kupokea barua na kuzigonga muhuri. Lakini jina lilimkaa vizuri, na mtu akishaitwa Injinia hana budi kutafuta jambo la kuwasomesha wenzake. Idarusi akaipata Linux.

Kwa asiyeijua, Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotolewa bure, na undani wake wote uko wazi: mwenye akili na wasaa anaweza kuufungua, kuuchungulia na kuurekebisha apendavyo. Idarusi hakuwa na wasaa. Alikuwa na kijiwe cha kahawa, na hapo, kila baada ya swala ya alasiri, aliwaeleza mafundi cherehani na wauza samaki kwamba wote wanaotumia mifumo ya kulipia ni watumwa. Muuza mbaazi, ambaye maisha yake yote hajagusa kompyuta, aliinamisha kichwa kwa aibu.

Alama ya Linux ni ndege aitwaye pengwini, kwa hiyo Idarusi alibandika pengwini kwenye pikipiki yake, kwenye mlango wa nyumba na kwenye begi la laptopu. Watoto wa madrasa ya jirani hawakuwa wamewahi kuona pengwini. Wakamwita Mzee Bata.

Begi lenyewe halikufunguliwa kijiweni hata siku moja. "Vumbi," alisema akiulizwa.

Basi mpwa wake Hafsa, binti wa dada yake Zuwena, alipata kazi Amani, kule milimani, kwenye mradi wa kurekodi sauti za vyura wa msituni. Kiongozi wa mradi, mama mmoja wa Kishambaa aitwaye Devota, alimwambia aje na laptopu yenye Linux, kwa sababu programu zao za kuchambua sauti zinaendeshwa humo. Zuwena hakuhangaika. "Si yupo mjomba wako?" alimwambia binti yake. "Miaka nenda miaka rudi anazungumza habari hizo. Leo apate wa kumfaa."

Hafsa alimkuta mjomba kijiweni, akamwamkia, "Shikamoo mjomba," akamweleza shida yake. Idarusi hakuitikia marahaba mpaka alipohakikisha watu wote wanasikiliza.

"Umefika kwa mwenyewe," alisema. "Kesho twende mjini."

"Nimesoma kwamba si kila laptopu inapatana na Linux, mjomba. Wanasema tuiweke Linux kwenye flashi, tuiwashe nayo kompyuta palepale dukani. Haifuti kitu. Tutaona kama waifai inashika na kama sauti inatoka. Utanitengenezea hiyo flashi?"

Idarusi alicheka, akawatazama wenzake nao wacheke. "Mwanangu, laptopu si dafu ulitikise sikioni kabla ya kununua. Mimi nikiitazama tu naijua."

Kesho yake wakaenda Ngamiani, kwenye duka la Sabiri, anayeuza kompyuta za mitumba kutoka Dubai. Sabiri aliwapangia mezani laptopu nene nyeusi, za aina wanayopewa wafanyakazi wa maofisi makubwa, zenye makovu ya kutumika. Idarusi alizipita kama mtu apitaye jaa la taka. Macho yake yalikwishatua kwenye kabati la kioo, ambamo mlikuwa na laptopu moja nyembamba kama sahani, ya rangi ya dhahabu, yenye kioo cha kugusa na mahali pa kuwekea kidole ili ifunguke.

"Hii inakubali Linux?" Hafsa alimuuliza Sabiri.

"Dada, hii inakubali kila kitu," alisema Sabiri, ambaye angejibu vivyo hivyo hata angeulizwa kama inakubali kukaangia samaki. "Ikikusumbua, irudishe kabla ya wiki kwisha, tutabadilishana."

Idarusi aliinyanyua, akaigeuza, akaipitishia kidole mgongoni. "Sikia ubaridi wake," alimwambia Hafsa. "Chuma hiki kimetengenezwa kwa Linux."

Mjomba ni mjomba, na dukani kulikuwa na watu. Wakainunua.

Kazi ya kuiweka Linux ndiyo ikawa mtihani. Hafsa akija jioni, mjomba ana homa. Akija asubuhi, mjomba ana kikao, ingawa tangu lini mgonga muhuri akawa na vikao hakuna aliyejua. Siku ya tatu Hafsa alimkuta mke wa mjomba, Bi Mastura, akichambua mchele barazani.

"Mjomba wako, Baba Sele, yuko msikitini," alisema Bi Mastura. "Unataka kutengeneza hiyo flashi? Chukua laptopu yake mle ndani, si mgeni wewe."

Hafsa akalitoa begi lenye pengwini, akaifungua laptopu, akaiwasha. Idarusi alipoingia alimkuta mpwa wake amekaa mbele ya kioo. Pale palikuwa na mfumo uleule wa kulipia aliokuwa akiulaani kila alasiri, tena usiolipiwa, maana pembeni yalisimama maandishi ya kijivu yakisema kwamba nakala hii haijasajiliwa. Katikati palikuwa na mchezo wa karata ulioachwa njiani.

Idarusi alivua kofia, akaivaa tena.

"Namchunguza adui," alisema. "Huwezi kupigana na usichokijua."

Bi Mastura aliacha ungo. "Miaka yote hiyo, Baba Sele? Huyo adui na karata anacheza nawe?"

Hafsa hakucheka. Alishusha Linux kutoka mtandaoni, akaiweka kwenye flashi, akaiwashia ile laptopu ya dhahabu. Iliwaka vizuri, ikapendeza. Ila waifai haikuonekana kabisa. Alipoweka sauti ya chura aliyotumiwa na Devota, laptopu ilibaki bubu. Alipokifunika kifuniko na kukifunua, haikuamka tena.

"Iache ipumzike," alisema Idarusi.

"Mjomba, nakwenda kusikiliza vyura. Hii haisikii na haisemi."

Asubuhi Hafsa alirudi kwa Sabiri peke yake, flashi mkononi. Sabiri alinung'unika kwamba anachafuliwa bidhaa, lakini alikuwa ameahidi mbele ya watu. Hafsa alizijaribu zile nene nyeusi moja baada ya nyingine. Ya kwanza sauti ilikwaruza. Nyingine waifai ilishika na kuachia. Kisha akawasha moja yenye mkwaruzo mrefu kifuniko kizima: waifai ikashika mara moja, ikalala ilipofunikwa, ikaamka ilipofunuliwa, na chura wa Amani akalia dukani hadi mteja mmoja akatazama chini ya meza. Akaichukua hiyo, akapanda nayo milimani.

Kijiweni, Idarusi alieleza kwamba alimwacha kwa makusudi binti akosee, apate kujifunza. Watu wakasifu malezi yake.

Hafsa alirudi sikukuu ya Idi. Walipokwisha kula, alikaa na mjomba barazani na kumwambia, "Lete laptopu yako nikuwekee Linux. Nimeitazama aina yake, haina shida yoyote."

Idarusi aliangalia mlangoni kama Bi Mastura yu karibu. "Niliwahi kujaribu," alisema taratibu. "Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakateremka kama mvua. Nilidhani nimeiua, Hafsa. Nikaizima, nikamlipa fundi airudishe ilivyokuwa."

"Ungemuuliza mtu."

"Nimuulize nani? Wote wananiuliza mimi."

Hafsa akalitoa begi lenye pengwini. Akaiwasha laptopu kwa flashi, yale maandishi meupe yakateremka, na safari hii mjomba akayatazama mpaka yakaisha. Kazi ilikuwa imemalizika kabla ya adhana.

Tangu hapo Idarusi anaitumia Linux kweli, na mazungumzo yake yameharibika. Anazungumzia printa iliyomkatalia, na jinsi alivyopoteza Jumapili nzima kutafuta herufi za Kiarabu. Mtu akimuuliza anunue laptopu gani, anajibu: "Sijui. Nenda na flashi, uijaribu hapohapo dukani."

Kijiwe hakikupendezwa. Wanasema Injinia amepungukiwa elimu siku hizi. Muuza mbaazi, ambaye sasa anataka kumnunulia mwanawe laptopu, alimsikiliza mara moja tu, kisha akaenda kumuuliza Hatibu wa duka la simu. Huyo anajua. Alimwambia achukue ya rangi ya fedha.