Kikombe cha Kwanza cha Mama

Kilichokuwa kikiniamsha utotoni, katika fleti yetu ya Berea, mtaa wa jiji moja kusini mwa Afrika, ni harufu ya kungumanga ikichemka kwenye maziwa. Mama alikuwa Mkalmiki, wa kabila la wafugaji wa nyika za kusini mwa Urusi, na Baba, mtu wa Tanga, alimwoa alipokwenda kusoma huko. Chai ya kwao hutiwa chumvi na siagi, na kikombe cha kwanza hakinywi mtu. Mama alikiweka dirishani kwa heshima ya waliotangulia, na Baba, Mwislamu safi, akajifanya hakioni. Majirani zetu Watanzania walionja, wakakunja uso, wakaomba sukari. Mama aliwanyima.

Mwaka mmoja, Siku ya Urithi ilipokaribia, sikukuu ya kila jamii kuonyesha mila zake, mwalimu alipanga meza darasani, kila taifa na meza yake na mama wa kupika. Wakalmiki hakuwajua, kwa hiyo akatuandika Urusi. Mimi niliona sawa tu. Nilichotaka ni kufanana na wenzangu, na nilimlilia Mama akubali. Alinikalisha jikoni akanieleza habari za babu yake, aliyekuwa akichunga kando ya mto Don. Serikali mpya ya Kisovieti ilipotangaza kwamba Wakalmiki watakuwa na jimbo lao, lenye shule na magazeti ya lugha yao, babu alipakia mkokoteni wa ng'ombe akahamia huko na familia nzima, akafyatua matofali ya shule kwa mikono yake. Miaka ilipita, na serikali ileile ikawasomba wote kwa mabehewa ya mizigo hadi Siberia, na jina la jimbo likafutwa kwenye ramani. Huko walichemsha maji na chumvi tu, na kikombe cha kwanza wakakiweka kando vilevile.

Siku yenyewe Mama aliingia na sufuria, akaipita meza ya Urusi, akavuta dawati bovu karibu na mlango na kulitandika khanga. Mwalimu akaja akitabasamu, akanyoosha mkono kwenye kikombe cha kwanza. Mama akakifunika kwa kiganja.

"Hicho si chako, Mwalimu. Ni cha babu yangu, aliyehama na ng'ombe wake kwa ajili ya jina unalotaka niliache mlangoni."

Nilibeba kiti changu kutoka meza ya Urusi nikaketi ubavuni mwake, na sijawahi kujivunia kiti kama kile.

Leo Mama hayupo, nami naishi Rosettenville, mtaa mwingine wa jiji lilelile. Babu yule alipewa jimbo, akanyang'anywa. Mimi sijapewa kitu na wala sisubiri. Binti yangu anaongea Kizulu na Kiingereza, Kiswahili anakisikia tu, na nilishaanza kuamini kwamba mambo ya bibi yake yataishia kwangu. Juzi jirani aliingia jikoni, akaniuliza kwa upole wa uongo tutarudi kwetu lini, huku mkono wake ukienda kwenye kikombe cha kwanza, ambacho bado nakiweka dirishani. Kabla sijafungua mdomo, binti yangu alishakifunika kwa kiganja.

"Eish, anti, hicho si chako," alisema, kwa Kiswahili. "Ngoja cha pili."