Posa Katika Nyumba ya Magodoro

Katika nyumba ya washona magodoro, mimi peke yangu niliolewa kutoka nje, na sijasamehewa hadi leo. Wenzangu wameoana wao kwa wao: babu alimwoa binti wa mjomba wake, na wifi yangu, dada wa mume wangu, akaolewa na mtoto wa shangazi yake. Ukianza kuuliza nani ni nani kwa nani, kichwa kitakuuma kabla hujapata jibu. "Mali isitoke nje," wao husema. Mali yenyewe ni karakana ya chini iliyojaa vumbi la sufi.

Watoto wa nyumba hiyo hufundishwa kushona macho yakiwa yamefumbwa. Wao huiita sifa ya ukoo. Nilipofika niliwacheka, kisha nikaacha kucheka, maana niliona jinsi mmoja baada ya mwingine, akishavuka utoto, anavyoanza kupapasa ukuta giza likiingia. Mume wa wifi haoni kabisa. Hushindilia sufi kwenye kona yake na kuuliza kama jua limezama. Ukiuliza chanzo, utaambiwa ni vumbi la kazi. Uongo mtupu. Wanangu wamekulia kwenye vumbi hilo hilo na wanatunga uzi bila shida.

Wifi alijua. Kaka yake mkubwa alipoleta posa, akimtaka binti wa wifi kwa mwanawe, wifi alikataa mbele ya wote.

"Dada, unatukataa sisi, damu yako?"

"Nakataa kuzaa vipofu, kaka. Wajukuu wangu nataka wanione."

Nilitamani kumkumbatia. Kaka mtu aliacha chai yake ipoe, akaondoka, na tangu siku hiyo karakana nzima ikamnunia wifi. Alishona huku analia, lakini msimamo wake haukuyumba: binti yake angeolewa nje.

Asubuhi moja tulikuwa watatu, yeye, binti yake na mimi, tukishona ukingo wa godoro. Dirisha lilikuwa wazi na jua limejaa chumbani.

"Nipe huo uzi," wifi alimwambia binti.

Uzi ulikuwa karibu na goti la binti. Binti akapapasa sakafu mbele, akapapasa nyuma, mkono ukaupita.

Wifi akaweka sindano chini. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya posa, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelia. Binamu anajua, na bado ananitaka. Huyo mwanaume wa nje unayemsubiri, akijua, atanichukua?"

Wifi akanigeukia mimi, wa kutoka nje, nimjibie. Niliwafikiria kaka zangu na wana wao, mmoja mmoja. Nikainamisha kichwa.

Jioni ile wifi alikwenda kwa kaka yake, akaomba posa irudi.