Zizi la Mwalimu Mwanne

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka ya Dodoma mjini yalijaa rangi za kila aina, lakini darasa letu la kwanza, huku upande wa Bahi, halikuwa hata na chaki. Lilikuwa chumba cha udongo chenye dirisha moja. Mwalimu Mwanne, binti wa Miyuji, kule mjini, alipoingia mara ya kwanza aliguna. Jumatatu alikuja na kopo la rangi nyekundu, akatoboa dirisha la pili kwa mikono yake, kisha akatuchorea ukutani ng'ombe ishirini.

Tulifurahi mno. Lakini aliposema, "Haya, wahesabuni," tulinyamaza wote, nami Loisi nikiwa wa kwanza.

Alibembeleza, akagomba, wapi! Na mkaguzi wa shule alishasema kwamba tusipojua hesabu mwisho wa muhula, darasa litafungwa, twende shule ya mbali, mwendo wa saa mbili. Watoto wa miaka saba! Wengi tungebakia nyumbani moja kwa moja.

Mwishowe alimwendea babu yangu, Mzee Mazengo.

"Shikamoo, mzee. Watoto hawa wana nini?"

"Marahaba. Hawana kitu. Kwetu ng'ombe hahesabiwi, mwanangu. Ukimhesabu unamwitia kifo."

"Sasa jioni mnajuaje kama wametimia?"

"Tunatazama nani hajarudi."

Mwanne alijicheka mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake alikandika udongo juu ya ng'ombe wake wote. Niliona uchungu, walikuwa wazuri. Kisha akatufinyangisha wetu, kila mmoja na baka lake, tukawajengea zizi katikati ya sakafu, penye mwanga wa dirisha jipya, tukakaa kulizunguka. Yeye alificha baadhi, sisi tukawataja waliopotea, na kwa kila mmoja, aliyepotea na aliyebaki, tukaweka kijiti. Vijiti havina mwiko, tukavihesabu.

Mkaguzi alikuja, akatazama zizi, baadhi wakiwa wamefichwa. "Ng'ombe wangapi hawa?"

Mwanne akainama. Nikasimama.

"Ng'ombe hatuhesabu, bwana mkaguzi. Ila vijiti vya waliopotea ni saba. Vya waliobaki ni kumi na tatu."

Darasa halikufungwa.

Leo nafundisha mimi katika chumba kile kile. Udongo umebanduka pembeni, mguu mwekundu wa ng'ombe unachungulia, na sijauziba. Wanafunzi wangu siwahesabu. Kila asubuhi natazama nani hajaja, kisha namfuata kwao.