Daktari alivyohamisha gugumaji kwa laptop, nusura ahamishe na samaki wa mama yangu

Wakuu, habari za huko mliko. Niko Kisumu, na hii niliiona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Mama yangu na wenzake wana vizimba vya samaki pale Dunga. Mvua ikinyesha, mto unaleta maji machafu na samaki wanakufa. Wakaomba ofisi yetu ya utafiti wa ziwa iwaonyeshe mahali salama pa kuvihamishia.

Kazi hiyo tunaifanya kwa kompyuta. Unakata ziwa kuwa pembetatu ndogo ndogo, hiyo ndiyo mesh. Kila pembetatu unaipa coefficient yake, yaani uchafu unasambaa hapo haraka kiasi gani. Chini ya gugumaji maji yamelala, unaweka namba ndogo. Ziwa wazi, namba kubwa.

Nikaziweka vizuri, nikamkabidhi bosi wetu, Daktari.

Sasa Daktari ni mpenzi wa picha. Pembetatu zangu zilikuwa kubwa, eti hazina heshima mbele ya watu. Akazikata zaidi.

Ukikata mesh, pembetatu zinahesabiwa upya. Coefficients zangu zilikuwa zimepangwa kwa hesabu ya zamani. Kuzipanga tena? Hiyo ni kazi ya sisi wadogo, na wadogo hatukuambiwa. Basi kila coefficient ikaangukia pembetatu isiyo yake.

Mkutanoni na akina mama pale Dunga, baada ya maombi, ramani ikawashwa. Inapendeza kama leso mpya. Gugumaji lote limehamia katikati ya ziwa, na ghuba iliyojaa majani eti ndiko maji yanakokimbia. Daktari akawaambia akina mama wapeleke vizimba huko. Mama yangu akaitikia kwa kichwa.

Niliogopa, sitaficha. Mgeni hakatizwi, na huyu ndiye bosi wangu. Lakini samaki wale ndio walionisomesha.

Nikasimama. "Daktari, hiyo majani iko upande ingine. Coefficients haikufuata mesh mpya."

"Hiyo ni kitu ndogo, Bwana."

"Basi kizimba ya kwanza hapo iwe yako."

Daktari akafunga laptop, akasema wasihamishe chochote kwanza.

Chakula kikaja. Mama akamwekea samaki mkubwa kuliko wote. "Kula, Baba. Hii imetoka kwa kizimba yenye haijahama."

Funzo: coefficient ifuate mahali ilipo ziwani, isifuate namba ya pembetatu. Na kabla hujachora majibu, chora coefficients zenyewe uzitazame.

Waliowahi kuokolewa na wataalamu kama huyu, semeni hapa chini. Daktari, nawe ukipita, usikane. Samaki ulimaliza mpaka kichwa.